Mguu, Stendi au Chelezo?

Kwenye meza ya mchezo wa vita kila kitu kina jina lake isipokuwa kimoja. Askari wa plastiki ni vinyago. Vile vijiwe vya nukta vinavyotupwa kuamua nani kapigwa na nani kapona ni dadu. Kilima cha kadibodi huitwa kilima, na mto wa rangi huitwa mto. Lakini kile kijiti kinachoinyanyua ndege ndogo juu ya uwanja na kuishika hewani, ili mchezaji akubali kwamba inaruka, Kiswahili bado hakijakibatiza. Mwulize Mnairobi, atakitaja kwa Kiingereza. Mbane aseme kwa Kiswahili, atasema "stendi". Akiwa kijana wa mtaani atakidogosha kiwe "kastendi".

Wapo watakaosema kitu kidogo hivi hakina haja ya jina. Ila kitu kisicho na jina hakiagiziki. Huwezi kumtuma mtu Luthuli Avenue, jijini Nairobi, akuletee "kile kitu". Na kwa kuwa vijiti vya dukani huagizwa ng'ambo, mchezaji mwenye ndege kumi hujikuta ana vijiti kumi vya kujitengenezea, kwa vifaa vya kuokota na vya kununua kwa sarafu. Hapo inambidi azungumze na mafundi wa baiskeli, wa simu na wa mbao, na mazungumzo hayo yanadai maneno.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilianza kuutumia mchezo wa Georg von Reisswitz kuwafundisha maofisa wake mbinu za vita. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha Little Wars, akawashusha askari wa kuchezea sakafuni mwa sebule. Michezo yote miwili ilikuwa ya ardhini. Mwaka uliofuata vita vya kweli vilianza, na angani nako kukawa uwanja.

Kwetu Afrika Mashariki, kisa kinachoonyesha vizuri umuhimu wa kijiti chetu kilitokea Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Kutoka baharini haikuonekana. Waingereza walileta Severn na Mersey, meli zinazoweza kupita kwenye maji haba, lakini mizinga yake ilikuwa ikipiga kwa kubahatisha. Ilihitaji macho, na macho hayo yalikuwa ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 ndege moja kati ya hizo, iliyowabeba wanaanga Cull na Arnold, ilipigwa. Hata ilipokuwa ikishuka, bado ilituma kwa redio masahihisho ya shabaha, mpaka ikaanguka mtoni karibu na Mersey. Wote wawili waliokoka, na siku hiyo ndiyo Königsberg ilipoangamia. Mzinga wake mmoja uliwekwa Fort Jesus, Mombasa.

Anayetaka kukicheza kisa hicho mezani hana pa kukikwepea kijiti. Ndege ikilazwa sambamba na mikoko inageuka kuwa mashua yenye mabawa. Ikiinuliwa sentimita 7 au 8, inaona kile ambacho meli hazikioni, na kanuni zote za kulenga na kusahihisha zinapata maana. Jina tunalolitafuta, basi, ni la kifaa kinachokipa kitu kimo.

Majina yanayokuja haraka ni ya umbo. La kwanza ni mguu. Tatizo lake ni kwamba ndege ina miguu yake tayari, ile yenye magurudumu. Ukimwambia fundi mguu wa ndege umevunjika, atakagua chini ya mabawa kabla hajakitazama kijiti. La pili ni stendi. Sisi wa Nairobi tunaopandia matatu steji tungeweza kulipokea bila taabu, lakini neno likivuka Namanga kuingia Tanzania linageuka kituo cha mabasi, na istilahi isiyovuka mpaka wa nchi jirani inayosema lugha ileile ina walakini. La tatu ni nguzo, neno zuri, ila nguzo hujengwa ionekane, nacho kijiti chetu kinafaulu pale kinaposahaulika. Mhimili umeshapanda cheo; siku hizi unatajwa pamoja na Bunge na Mahakama. Mwega unakaribia zaidi, maana ni mti wa kuutegemeza mgomba uliolemewa na mkungu, lakini mzizi wake ni ule wa kuegama, na ndege iliyo angani haiegami popote. Majina haya yanakieleza kijiti kikiwa peke yake mezani. Hakuna hata moja linalosema kinaifanyia nini ndege.

Basi na tukitengeneze kwanza, kipande kwa kipande, tusikie kila kipande kinaitikia jina gani.

Chini kabisa ni kitako. Neno hili halina mgogoro. Chupa ina kitako, sufuria ina kitako. Kitako cha bei nafuu kuliko vyote ni kizibo cha soda, ambacho Nairobi kilikwisha kuajiriwa mchezoni zamani: kwenye steji za bodaboda na vibanda vya Kangemi, vizibo ndivyo kete za drafti, mchezaji mmoja akichezea vilivyolala kifudifudi na mwenzake vilivyolala chali. Upana wake wa sentimita 3 hivi unaitosha ndege ndogo ya kipimo cha 1/144. Ndege ya 1/72, yenye mabawa yanayozidi urefu wa kiganja, inataka kitako kipana zaidi. Hapo CD kuukuu hufaa, maana tundu la katikati limeshatobolewa kiwandani. Anayependa mbao ataipata Ngong Road, kwa maseremala wa kando ya barabara kuelekea Dagoretti Corner, ambao vipande vyao vya plaiwudi huishia kuwa kuni. Mwenye kerezo hukereza miguu ya viti kutwa nzima, na kiduara cha mbao kwake si kazi ya kusumbua.

Juu ya kitako unahitajika uzito. Ndege huanguka pale ambapo mstari unaoshuka wima kutoka kwenye kitovu cha uzito unatokea nje ya kitako. Dawa ni mbili: kupanua kitako, au kukishusha kitovu cha uzito karibu na meza. Ya pili haili nafasi mezani, kwa hiyo ndiyo inayopendwa. Kizibo hujazwa washa za chuma kutoka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, mtaa ambao wengi bado wanauita Grogan, halafu kinamiminiwa gundi au plasta. Kipande hiki nacho kina jina, ila inabidi kulifuata pwani. Mvuvi wa mshipi hufunga kipande cha risasi ili ndoano izame, na kipande hicho ni chubwi. Mwashi naye hulitumia neno hilohilo kwa ule uzito unaoning'inizwa kwenye uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Kwa hiyo uzito wetu ni chubwi, bila kubadilisha hata herufi.

Kisha ufito. Nimelichagua neno hili kwa sababu fito za nyumba ya udongo hubeba ukuta mzima, na ukuta ukishakandikwa hakuna azionaye. Ufito wa bei ya chini ni kijiti cha mishikaki cha supamaketi. Ni mwanzi, kwa hiyo ni mwepesi na hukatika kwa kisu, ila hupinda hewa ikiwa na unyevu. Ulio imara zaidi ni spoki ya baiskeli, yenye unene wa milimita 2 hivi. Fundi wa baiskeli wa Kawangware huwa nazo kopo zima, zilizotolewa kwenye magurudumu yaliyopinda. Spoki hukatwa kwa koleo na ncha yake hulainishwa kwa tupa, isije ikamchoma anayepanga ndege upesi. Tena upande mmoja spoki ina kichwa: kichwa hicho hukaa chini ya kitako, spoki isichomoke.

Wapo wanaosisitiza ufito uwe angavu, macho yapite. Hao huomba masalio ya Perspex kwa watengenezaji wa mabango katikati ya jiji, au hutumia bomba la kalamu ya biro iliyokwisha wino. Lakini plastiki angavu hukamata mwanga wa taa na kung'aa kama kioo, wakati waya mwembamba uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa hupotea machoni ukiwa umbali wa mkono mmoja. Plastiki angavu haipatani pia na supagluu. Mvuke wa gundi hiyo huacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo, na ukungu huo hautoki kwa kufuta. Afadhali gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, na afadhali zaidi kupiga msasa kidogo kabla ya kuipaka, ili ishike.

Tusimame kidogo kwenye msasa wenyewe. Kabla ya karatasi yenye mchanga kufika madukani, mafundi wa pwani walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti wenye majani yanayokwaruza, na mti huo ni msasa. Karatasi ilipokuja ilikuta kazi ina jina, ikalivaa. Hakuna kamati iliyoketi. Kifaa kigeni kilifanya kazi ya kifaa cha zamani, basi kikarithi jina lake, na leo hata mwalimu wa uandishi anayewapiga msasa wanafunzi wake hana habari ya mti. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo litakalotuamulia.

Kipande cha mwisho, juu kabisa, ni pale ufito unapokutana na tumbo la ndege. Ukigandisha moja kwa moja, ndege itaruka sawia milele, na siku itakapoanguka sakafuni kitakachovunjika ni tumbo lake. Suluhisho ni gololi ya chuma kutoka beringi mbovu ya baiskeli, igandishwe kwenye ncha ya ufito, na sumaku ndogo izamishwe tumboni mwa ndege. Sumaku hizo zimo ndani ya visikizi vilivyokufa, na Luthuli Avenue haikosi fundi wa simu mwenye droo iliyojaa maiti hizo. Sumaku ikiidaka gololi, ndege inaweza kuinua pua, kulalia bawa moja inapokata kona, au kung'olewa na kurudishwa sandukuni. Pa kuichimbia si popote: laza ndege juu ya ukingo wa rula mpaka isiinamie mbele wala nyuma, uweke alama, na hapo ndipo kitovu cha uzito kilipo. Kiungo kinachoinua na kuinamisha namna hii mwili wetu unacho pale mguu unapokutana na unyayo, nasi tunakiita kifundo. Kifundo, basi, kisibadilike.

Kwa mchezo ambao kimo hubadilika kila zamu, kuna ufito wa namna nyingine: eriali ya redio kuukuu, ile inayovutika na kukunjika. Rubani akipanda unaivuta pingili moja, akishuka unaisukuma. Luthuli Avenue inauza eriali hizi kama vipuri, na mwuzaji hataki kujua unaipeleka kwenye redio gani.

Sasa tuhesabu. Kitako, chubwi, ufito, kifundo. Vipande vinne, na hatujaunda hata neno moja jipya. Kila kipande kimepata jina kwa kuulizwa kazi yake. Kilichobaki ni jina la vyote vinne vikiwa pamoja, na neno chubwi limekwisha kutuonyesha pa kulitafuta. Kwenye mshipi wa mvuvi chubwi haina upweke. Yenyewe inavuta chini, na juu yake kuna kipande kinachokaa usoni pa maji na kuushikilia mshipi usipotee kilindini. Kipande hicho ni chelezo.

Neno hili limejengwa kwa sarufi safi. Kuelea ni kukaa juu bila kuzama, na ndege nayo huelea angani, kama wingu na kama vumbi. Kueleza ni kukifanya kitu kielee. Ki- ya kifaa, ikikutana na irabu, hulainika ikawa ch-, kama ilivyotupa chakula na chombo. Chelezo ni kifaa cha kukifanya kitu kielee, na kijiti chetu hakina kazi nyingine duniani. Lugha imetuongezea bakshishi pia: jambo likikuelea umelielewa, na kueleza ni kulifanya jambo liwe wazi. Kijiti chenye eriali huieleza ndege kwa maana zote mbili, kwa kuwa huishikilia hewani na papo hapo huwaambia wachezaji imepanda kiasi gani.

Mpinzani atasema chelezo lina kazi nyingine tayari: ni boya, na ni mahali meli hupelekwa kufanyiwa matengenezo. Kweli. Lakini tazama maana hizo zinavyofanana. Boya huushika mshipi juu, mahali hapo pa matengenezo huishika meli ili fundi afikie tumbo lake, na kijiti huishika ndege ili jicho lifikie kimo chake. Hakuna atakayekaa mezani mbele ya ndege ya sentimita 10 akadhani tunazungumzia bandari ya Kilindini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: Nairobi iko mbali na bahari, na mtoto wa Kawangware hajawahi kumwona mvuvi wa mshipi akifunga chelezo. Ila mtoto huyohuyo huona kila siku ndege ndogo za Wilson, uwanja uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanzilishi wa Wilson Airways mwaka 1929, na humwita anayeziendesha rubani. Rubani alikuwa mwelekezi wa vyombo baharini kabla hajapanda angani. Dereva wa matatu ya Kangemi ana jina la Kiingereza, lakini alichokishika mkononi ni usukani, na usukani ulianza maisha yake majini, nyuma ya chombo, ukigeuza jahazi. Timu ya soka ya mtaani inaongozwa na nahodha. Mizigo inayopakiwa kwenye ndege ni shehena, kama ilivyopakiwa majahazini. Barabara, uwanja wa mpira na anga vyote vimevaa maneno ya bahari, na Mnairobi huyasema bila kunusa chumvi. Chelezo likipanda kutoka majini kwenda hewani litakuwa linafuata njia ambayo rubani aliipita zamani.

Njia nyingine, ile ya kuunda neno ofisini, tunaijua pia. Tangu Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) mwaka 1967 upande wa Tanzania, maneno mengi yametoka vikaoni, mengine mazuri sana. Chukua tarakilishi, neno jingine la kuundwa: ina tarakimu ndani yake na ina akili, na shule za Kenya zimeifundisha kwa bidii. Hata hivyo, mwanafunzi akitoka darasani akaingia saiba ya River Road husema kompyuta. Tarakilishi inaeleza kazi, lakini ina silabi tano, na haikukuta kifaa cha zamani cha kukirithi. Kipakatalishi iliyoifuata ni ndefu zaidi.

Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu aliijua tofauti hii kuliko wengi. Runinga, neno linalohusishwa na jina lake, limeshika Kenya kwa sababu ni fupi na ulimi unalipenda. Lakini kazi yake nyingine inanivutia zaidi. Utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, unakipitia chombo cha Lamu tangu kinapoundwa, ukihifadhi majina ya vipande vyake, na Umbuji wa Mnazi wa mwaka 1985 ukaufanyia mnazi vivyo hivyo. Nabhany alielewa kwamba lugha iliyokwisha kutaja kila ubao wa jahazi ina ghala kubwa, na mwenye ghala huchungulia ndani kabla ya kwenda dukani.

Na ushahidi kwamba neno la kazi huweza kulishinda la ofisini uko hapahapa jijini. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliieneza istilahi ya "sekta isiyo rasmi". Istilahi hiyo inawataja mafundi kwa kile wanachokikosa. Mafundi wenyewe walikuwa na jina lao, lililotokana na jua lililowachoma wakigonga mabati bila paa. Kufikia mwaka 1992 serikali ilipotoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo, maneno jua kali yalikuwa kwenye kichwa cha waraka huo. Ofisi ndiyo iliyojifunza kutoka kwa karakana.

Kwa hiyo sisubiri kikao kipitishe chelezo. Neno lina silabi tatu, ngeli yake ni ya ki-vi isiyomsumbua mtu, chelezo kimoja, vyelezo vitano, chelezo kirefu cha ndege ya juu na kifupi cha ile inayotua. Kilichobaki ni mtu wa kwanza kulitumia kuagiza. Mwambie fundi wa spoki, "Fundi, nitengenezee vyelezo vitatu vya sentimita nane." Atauliza chelezo ni nini, mweleze, naye aone kwamba umefanya kwa maneno kile ambacho kijiti kitaifanyia ndege. Mteja wa pili akija na ndege yake mkononi, usishangae fundi akimwuliza yeye anataka chelezo cha urefu gani, na bei akaipanga kwa sentimita.